Chungu Hakina Kosa: Historia ya Chungu cha Udongo Jikoni Mwetu

Leo tunaingia jikoni. Tutazungumza juu ya chungu cha udongo, kile ambacho kwa wengi wetu kilibaki kwa nyanya huko mashambani, na ambacho siku hizi kimeanza kurudi mjini. Ukipita kando ya barabara utavikuta vimepangwa vikiuzwa, na wanunuzi si wazee peke yao. Vijana nao wanavitaka.

Nitaanza na kisa kimoja. Majina nitayaacha.

Kisa cha asubuhi moja

Asubuhi moja watu wanne wa nyumba moja waliletwa katika zahanati ninamofanya kazi: baba, mama na watoto wawili. Wote walikuwa wakitapika na kulalamikia tumbo. Tuliwapa maji ya chumvi na sukari ya pakiti, tukawaangalia, na kufikia alasiri walikuwa wamepata nafuu. Nilipouliza walikula nini, mama alinijibu, "Sista, ni maharagwe tu. Niliyapika kwa chungu kipya."

Jirani aliyewasindikiza alikuwa na jibu tayari. Alisema chungu kile kina sumu na kivunjwe siku hiyohiyo. Mama mwenyewe alikuwa karibu kukubali. Alikuwa amekinunua kwa furaha, kwa sababu alikumbuka ladha ya maharagwe ya utotoni. Aliroweka maharagwe mekundu kwa saa moja hivi, akayatia chunguni jioni, akakiinjika juu ya jiko lenye makaa machache yaliyofunikwa majivu, huko nje barazani. Usiku makaa yakazimika. Asubuhi alikuta maharagwe yamelainika nusunusu. Akakaanga kitunguu na nyanya, akayapitisha humo kwa dakika chache, wakala na chapati. Saa mbili baadaye wote walikuwa wakitapika.

Mchana mama mkwe wake alifika, mzee wa miaka mingi. Hakuuliza chungu kilinunuliwa wapi. Aliuliza neno moja tu: "Kilitokota?"

Msikilizaji, swali lile la nyanya ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya. Chungu kimerudi, lakini kanuni zake hazikurudi nacho. Ili tujue kanuni hizo zina thamani gani, hebu tuangalie chungu kimetoka wapi.

Chungu ni cha zamani gani?

Chungu kina umri mkubwa kuliko shamba. Vipande vya vyungu vya kale zaidi vinavyojulikana duniani vilipatikana katika pango la Xianrendong nchini Uchina, na umri wake umekadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Wakati huo watu wa huko walikuwa wawindaji na waokota matunda. Hawakuwa wakilima.

Hapa kwetu hali ilikuwa vivyo hivyo. Kandokando ya Ziwa Viktoria, upande wa Nyanza, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta magae ya vyungu vinavyoitwa vya Kansyore, pamoja na chungu nzima ya makombe na mifupa ya samaki. Waliovitumia walikuwa wavuvi na wawindaji walioishi miaka elfu kadhaa kabla ya kuzaliwa Kristo. Baadaye wakaja wakulima wanaofua chuma, nao walikuwa na vyungu vyao vyenye kishimo kidogo kitakoni. Vyungu hivyo huitwa vya Urewe, kwa jina la mahali katika eneo la Siaya. Kasisi wa Kianglikana, W. E. Owen, ndiye aliyevigundua, na mwaka 1948 habari zake zilichapishwa kwa jina lake pamoja na la Mary Leakey na la Louis Leakey.

Upande wa pwani, katika miaka ya 1960, Robert Soper alichimba huko Kwale akapata vyungu vya wakulima wa karne ya 3 hivi. Na huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton na wenzake walichimba mji wa Waswahili ulioanza katika karne ya 8. Katika mji huo zilipatikana bakuli kutoka Uajemi na Uchina, vyombo vya fahari vilivyoletwa na majahazi. Lakini sehemu kubwa kabisa ya magae yaliyookotwa ni ya vyungu vya kienyeji. Bakuli la mgeni lilisifiwa, lakini chakula kilipikwa katika chungu cha nyumbani.

Katika sehemu nyingi za nchi yetu wafinyanzi walikuwa akina mama. Hawakutumia gurudumu. Waliuponda udongo, wakauchanganya na mchanga au magae yaliyosagwa, kisha wakakijenga chungu kwa mkono, pete juu ya pete. Mchanga ule ulikuwa na kazi yake: chungu kikipata moto hutanuka, na mchanga hukisaidia kisipasuke. Baada ya kukauka kivulini, kilichomwa kwa kuni na majani mahali pa wazi. Wakikuyu wakakiita nyungu, Wajaluo wakakiita agulu, na watu wa pwani wakawa na jina kwa kila kazi: chungu cha wali, kikaango cha samaki na mchuzi, mtungi wa maji, waya wa kuokea mkate.

Chakula kilibadilika, chungu kikabaki

Chungu hicho kilipika nini? Si vyote tunavyopika leo. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba chakula cha wenyeji kilikuwa hasa ndizi na samaki. Huko Mogadishu alikuwa amekaribishwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Bara, watu walipika mtama, wimbi, kunde na njahi.

Mahindi hayakuwepo, wala maharagwe mekundu. Mimea hiyo asili yake ni bara la Amerika. Ilivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, na Wareno ndio walioileta katika pwani yetu kuanzia karne ya 16. Kutoka pwani iliingia bara polepole. Kwa hiyo githeri ya mahindi na maharagwe, ambayo wengi tunaiona ni ya tangu na tangu, ni kijana mbele ya chungu kinachoipika.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mazungumzo yetu. Zao geni liliingia katika chungu cha zamani, na wapishi wakajifunza tabia yake bila maabara na bila kitabu. Waliona kwamba kunde huiva mapema, na kwamba maharagwe mekundu yanataka moto mkali kwanza. Ndiyo maana nyanya wengi hukaa karibu na chungu mpaka kitokote na mfuniko uruke, ndipo wavute kuni nje na kukiacha kiive taratibu hadi jioni. Mtoto aliyetazama aliona moto mdogo wa jioni. Ule moto mkubwa wa mwanzo hakuuona, kwa sababu alikuwa shuleni.

Na utamu wenyewe unatoka wapi? Udongo hupata joto polepole, na ukilipata huliachilia polepole. Chakula hakiungui upande mmoja kikabaki kibichi upande wa pili. Pwani, mpishi wa wali wa nazi akiona maji yamekauka hufunika chungu na kupalia makaa juu ya mfuniko, wali ukaiva chini na juu. Ukoko unaobaki huko chini watoto huugombania. Hicho ndicho chakula ambacho mtu akirudi nyumbani amechoka, au amefiwa, au ametoka kujifungua, hukila na moyo ukatulia.

Sufuria yaingia

Sasa, kwa nini tulikiacha? Neno sufuria lina asili ya Kiarabu, kutoka jina la shaba. Sufuria za zamani zilikuwa za shaba, na hazikuwa za kila mtu. Mwaka 1886 Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwa upande wake, waligundua namna rahisi ya kutengeneza alumini kwa nguvu za umeme. Bei ya alumini ikaanguka, na katika karne ya 20 sufuria nyeupe nyepesi zikajaa madukani mpaka vijijini.

Tusimlaumu mama aliyeichagua sufuria. Haivunjiki mtoto akiiangusha. Huchemka upesi, na anayenunua makaa kwa mkebe anajua upesi ni pesa. Huoshwa vizuri, na huwekwa moja ndani ya nyingine katika nyumba ya chumba kimoja. Jambo la kuangalia ni sufuria zinazoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu. Utafiti uliofanywa kuhusu sufuria za aina hiyo huko Kameruni, ukachapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba baadhi hutoa madini ya risasi ndani ya chakula. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Nunua sufuria ambayo unamjua mtengenezaji wake, na usilaze ndani yake chakula chenye ndimu, nyanya au maziwa lala.

Lakini pamoja na chungu tuliacha kitu kingine. Tuliacha subira ya maharagwe. Ninapotembelea nyumba, akina mama wananiambia, "Sista, maharagwe yanakula makaa." Basi wiki nzima mtoto anakula ugali na mboga, au chipsi za kununua, na maharagwe yanangoja Jumapili. Wengine hutia magadi ili yaive haraka. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu baadhi ya vitamini, na chumvi iliyomo haimfai mwenye shinikizo la damu.

Moshi nao una historia yake

Nisije nikaonekana kama ninayetaka turudi zamani yote. Chungu cha nyanya kilikaa juu ya mafiga matatu, na wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Lakini mafiga yale yalitoa moshi mwingi katika nyumba isiyo na dirisha. Majid Ezzati na Daniel Kammen walifanya utafiti katika boma za Laikipia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001: kadiri moshi ulivyozidi, ndivyo magonjwa ya kifua yalivyozidi, na walioumia zaidi walikuwa wanawake na watoto waliokaa karibu na moto. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020.

Hapa udongo ulitusaidia kwa njia nyingine. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati uliofanyika Nairobi mwaka 1981, mafundi wetu walichukua mfano wa jiko kutoka Thailand, wakalibadilisha, na kutoa lile jiko la makaa lenye bati nje na udongo wa kuchomwa ndani. Udongo ule huzuia joto lisipotee, na makaa yanatosha muda mrefu zaidi. Huko magharibi mwa Kenya, vikundi vya akina mama wafinyanzi walianza kufinyanga majiko ya kuni yaliyoitwa Maendeleo na baadaye Upesi. Kwa hiyo hata nyumba zilizoacha kupikia chungu ziliendelea kupikia juu ya udongo.

Nakuonya jambo moja. Jiko la makaa lisilale ndani ya nyumba mnamolala, hata kama halitoi moshi. Hewa yake haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Yule mama aliliacha lake barazani, na katika hilo alifanya vyema.

Kwa nini maharagwe yale yaliwadhuru?

Sasa turudi kwa wale wanne. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili ndani yake. Yakila moto wa kutosha, sumu hiyo hufa na maharagwe huwa chakula bora. Yasipokula moto wa kutosha, hata maharagwe manne au matano yanaweza kumfanya mtu atapike. Dalili huja kati ya saa moja na saa tatu baada ya kula: kichefuchefu, kutapika sana, kisha kuhara na maumivu ya tumbo. Wengi hupona siku hiyohiyo, lakini mtoto mdogo anaweza kuishiwa maji upesi.

Madaktari wa Uingereza walianza kuandika habari za ugonjwa huu mwaka 1976, baada ya wavulana wa shule waliokuwa likizoni kula maharagwe yaliyorowekwa bila kupikwa. Na ajabu ni hii: maharagwe yaliyopashwa moto bila kufika kiwango cha kuchemka, tuseme nyuzi 80, yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi kabisa. Yaani moto mdogo wa usiku kucha, peke yake, ndio mbaya. Kulainika si kuiva.

Basi swali la nyanya lilikuwa sawa na la mtu wa maabara. Chungu hakikuwa na sumu. Hakikutokota.

Namna ya kukitumia chungu leo

Roweka maharagwe usiku kucha, au kwa uchache saa tano, kisha umwage yale maji. Tia maji mapya. Yachemshe kwa nguvu, yabubujike, kwa nusu saa nzima. Sisi wa nyanda za juu tuwe waangalifu zaidi, maana Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wala hayafiki 100 kama Mombasa. Baada ya hapo ndipo upunguze moto, uyaache yaive taratibu mpaka ukiliminya harage kwa vidole lisagike lote.

Ukiogopa chungu kitapasuka kwa moto mkali, chemsha kwanza kwenye sufuria, halafu uyahamishie yakiwa moto katika chungu ulichokipasha polepole. Sufuria inafanya kazi ya upesi, chungu kinafanya kazi ya subira. Usipokuwa na chungu, baada ya nusu saa ya kutokota funika sufuria, uiweke katika kikapu kilichosheheni matambara au nyasi kavu, uifunike vizuri kwa saa kadhaa, kisha uichemshe tena kabla ya kula. Makaa utakuwa umeyaokoa, na mtoto atakula maharagwe hata Jumatano.

Chungu kipya kiloweke majini, kisha upike ndani yake uji mwepesi na uumwage, ili vinyweleo vyake vizibe. Usikiweke motoni kikiwa kitupu, wala usikimwagie maji baridi kikiwa moto. Kioshe kwa maji moto na kukisugua, halafu ukianike juani, kwa sababu udongo hunywa mafuta na mabaki ya chakula. Usilaze chakula ndani yake.

Mwisho, angalia rangi. Chungu chetu cha kienyeji hakina rangi ya kung'aa kama kioo. Vyombo vya udongo vinavyong'aa katika baadhi ya nchi, kwa mfano Meksiko, vimepakwa dawa yenye risasi, na vimewadhuru watu wengi. Ukikutana na chombo cha aina hiyo usichojua kilikotoka, kiweke maua.

Kumbuka

Maharagwe yarowekwe, maji yamwagwe, yachemke kwa nguvu nusu saa, ndipo moto upunguzwe. Jiko la makaa lisilale ndani. Pikia mahali penye hewa. Anayetapika mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kidogokidogo, na mtoto asiyeweza kuyaweka tumboni mlete zahanati bila kuchelewa.

Yule mama hakukivunja chungu chake. Nilipomtembelea wiki mbili baadaye, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya moto, mjukuu akiwa mapajani, wakingoja mfuniko uruke. Safari hii mtoto alikuwa akiutazama ule moto mkubwa wa mwanzo. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Kama una mzee nyumbani, msikilizaji, muulize leo jinsi alivyopika, naye akikwambia, muulize alianza vipi.

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.